Ilfracombe hadi Plymouth kwa baiskeli: hesabu viungo, si kilomita

Njia namba 27 ya mtandao wa taifa wa baiskeli nchini Uingereza huanzia Ilfracombe, pwani ya kaskazini ya Devon, na kuishia Plymouth, pwani ya kusini. Urefu wake ni takriban kilomita 160. Sehemu kubwa hupita juu ya tuta la reli ya zamani, mahali gari haliingii, kwa hiyo wengi huiona kama safari ya siku mbili za starehe na kuigawa themanini kwa themanini. Jioni ya kwanza inawakuta wanasukuma baiskeli kwa miguu vilimani karibu na Hatherleigh, giza likiingia. Kinachowaangusha ni viungo, yaani vipande vya barabara za vijijini vinavyounganisha reli moja na nyingine. Mpango wa safari hii uanzie hapo.

Treni ya mvuke haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walichimba, wakajaza na kujenga madaraja mpaka mwinuko ukawa mita 1 au 2 kwa kila mita 100. Reli hizo zilipofungwa, nyingi kati ya 1962 na 1968, zikaacha vijia vya upole hadi ukingoni mwa nyika ya Dartmoor. Barabara za vijijini zilizaliwa kwa namna nyingine kabisa: zinafuata mipaka ya mashamba, zinatumbukia bondeni hadi mtoni, kisha zinapanda moja kwa moja ng'ambo ya pili. Mwinuko wa mita 20 kwa kila 100 ni jambo la kawaida, na Devon haikukunja kona ili kuupunguza.

Kwa baiskeli yenye mizigo, kadiria kilomita 15 kwa saa kwenye tuta la reli na kilomita 9 kwenye viungo. Kwenye ramani ya 1:50,000 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, tazama mishale midogo iliyochorwa barabarani. Mshale mmoja ni mwinuko kati ya 14% na 20%, miwili ni zaidi ya hapo. Karatasi zinazohitajika ni namba 180, 191 na 201. Simu peke yake haitoshi, kwani kwenye mabonde mtandao hupotea.

Kutoka Ilfracombe unaanza kwa kupanda. Reli ya pale ilikuwa na mwinuko wa 1 kwa 36, mkali mno kwa reli ya abiria, na miguu bado haijapata moto. Kuanzia Braunton mambo hulainika: Tarka Trail ni kama kilomita 50 bila magari kupitia Barnstaple, Instow, Bideford na Great Torrington hadi Meeth, nusu yake ikiambaa na maji ya mlango wa mto. Mwanzoni ni lami, baada ya Torrington hugeuka changarawe iliyoshindiliwa. Usidanganyike na jina la Great Torrington kwenye kibao. Stesheni ya zamani iko chini mtoni, mji uko juu ya kilima, na kitanda ulichokodi mjini kina kilima chake cha kukilipia.

Kiungo kikubwa ni Meeth hadi Okehampton kupitia Hatherleigh, takriban kilomita 20. Huku ndiko kwenye ukimya wa kweli wa mashambani, lakini ni ukimya wenye kuta: vijia vyembamba kati ya matuta ya udongo yaliyooteshwa vichaka virefu kuliko mtu. Huoni mbele, na dereva wa trekta haoni nyuma ya kona. Shuka kwa mwendo ambao utakuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona, kwa sababu nusu nyingine ni ya anayekuja. Uingereza huendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman ajihadhari zaidi asubuhi, anapotoka kwenye kijia kitupu na kuingia barabarani bila mtu wa kumkumbusha upande.

Vichaka hivyo vina msimu wake. Sheria ya England inakataza wakulima kuvikata kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti ili ndege watage kwa amani. Septemba mashine zinaingia na barabara inajaa miiba migumu inayopenya tairi na kukatikia ndani. Ukipata pancha, usiweke tyubu mpya kabla hujapitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Ncha ya mwiba isiyoonekana kwa jicho itanasa uzi wa kitambaa. Wanaoruka hatua hii huziba tundu lilelile mara mbili. Beba tyubu mbili, viraka sita, solusheni ambayo haijafunguliwa (ikishafunguliwa hukauka ndani ya wiki chache), na koleo ndogo ya kuchomolea miiba.

Okehampton nayo ina stesheni yake juu ya mji, na hapo ndipo Granite Way inapoanza: kilomita 18 hadi Lydford. Kama una siku mbili tu kwa safari nzima, achana na kaskazini yote na uanzie hapa. Treni za abiria kutoka Exeter zilirudi Novemba 2021 na zinakushusha mwanzoni mwa njia. Baada ya kilomita chache unavuka daraja la Meldon, la chuma, lililojengwa 1874, urefu wake kutoka bondeni ukiwa takriban mita 45. Upepo wa pembeni pale juu husukuma mabegi, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili. Kushoto ni nyika yenyewe: nyasi ngumu, vichaka vya maua ya zambarau mwezi Agosti, na vilele vya graniti, High Willhays ukiwa mrefu kuliko yote kwa mita 621. Kipande kifupi karibu na Bridestowe hutoka kwenye tuta na kupita barabara ndogo, kisha hurudi.

Lydford ni kijiji cha ngome, kanisa na korongo, lakini usitegemee kupata duka. Jaza maji na nunua chakula Okehampton. Maji ya vijito vya nyikani ni meupe na yanavutia, ila kondoo wanalala na kufia upande wa juu yanakotoka, kwa hiyo yachemshe au yachuje.

Kutoka Lydford hadi Tavistock ni kiungo cha pili, kama kilomita 15, katika eneo la Brentor, Mary Tavy na Peter Tavy. Kishawishi hapa ni barabara kuu A386, iliyonyooka na yenye mteremko mzuri. Usiifuate. Magari yake yana kasi, kingo zake ni nyembamba, na dakika ishirini unazookoa hazilingani na hofu. Fuata vibao vya buluu vyenye namba 27.

Tavistock hadi Plymouth ni Drake's Trail, kilomita 34, na kwa maoni yetu ndicho kipande bora kuliko vyote. Unapita handaki la Grenofen, lenye zaidi ya mita 300, kisha Gem Bridge juu ya mto Walkham, daraja lililofunguliwa 2012 mahali ambapo la reli lilikuwa limebomolewa. Handakini vua miwani ya jua kabla ya kuingia, washa taa zako hata kama za ukutani zinawaka, na usifunge breki ghafla, kwa kuwa maji hudondoka mwaka mzima. (Drake mwenyewe, baharia Mwingereza wa karne ya 16, mzaliwa wa Tavistock anayesifiwa sana huku, alishiriki pia safari za biashara ya watumwa za John Hawkins. Kibao cha njia hakikulazimishi kumsifu.)

Yelverton na Clearbrook njia hupita malisho ya wazi. Farasi wadogo, kondoo na ng'ombe hawana uzio wala haraka. Mtoto wa farasi akiwa upande mmoja na mama yake mwingine, simama, maana mmoja atavuka. Kwa farasi mwenye mpandaji usipige kengele nyuma yake: ita kwa sauti ya kawaida, subiri ujibiwe, pita polepole. Barabara zinazoingia malishoni zina vyuma vya duara vilivyolazwa kwa mapengo kuzuia mifugo. Vivuke kwa pembe mraba, bila breki wala kukata kona. Vikiwa na maji huteleza kama sabuni.

Mtikisiko wa vyuma hivyo ndio hulegeza boliti za keria. Zikaze kila asubuhi, zote nne, na beba mbili za akiba. Mzigo wote ukiwa nyuma, spoku hukatika, na mara nyingi ni za upande wa gia, ambako huvutwa zaidi. Hamishia theluthi ya uzito mbele. Tairi za milimita 35 hadi 40 zinatosha. Kwa mtu, baiskeli na mizigo ya jumla ya kilo 100, weka psi 50 nyuma na 40 mbele. Ukijaza zaidi utateleza kwenye changarawe. Gia ndogo kabisa iwe na meno 30 mbele na 36 nyuma, au nyepesi zaidi. Mchanga wa graniti uliolowa husaga pedi za breki upesi, kwa hiyo seti moja ya akiba si anasa.

Kuhusu vijia vya pembeni: mshale wa njano ni wa watembea kwa miguu tu, wa buluu huruhusu baiskeli tangu sheria ya 1968, kwa sharti la kuwapisha wenye miguu na wenye farasi. Nyika ya wazi si ruhusa ya kukata popote. Upande wa kaskazini jeshi hufanya mazoezi ya kulenga shabaha, na bendera nyekundu ikipanda eneo limefungwa.

Upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo anayeelekea Plymouth huupokea usoni mara nyingi. Kugeuza safari na kuanzia Plymouth kunawezekana, ila utapanda polepole siku ya kwanza nzima. Mei na Juni ndiyo miezi ya kuchagua: mchana mrefu, vichaka havijakatwa, na likizo za shule za Julai na Agosti bado.

Treni za masafa marefu kutoka London Paddington zinataka nafasi ya baiskeli ihifadhiwe mapema, na nafasi zenyewe ni chache. Baiskeli huning'inizwa wima kwenye kabati finyu, hivyo vua mabegi yote ukiwa bado jukwaani na uyafunge pamoja kwa mkanda mmoja, uyabebe kwa mkono mmoja huku mwingine ukiinua baiskeli.