Mtungi wa klorini unavuja na bango linasema "mwagia maji": msifanye hivyo

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Bango lililobandikwa kwenye chumba chenu cha klorini linasema mtungi ukivuja umwagiwe maji, je, ni sahihi? Mvujo wa kwenye vali unazibwaje? Na barakoa ya kichujio inatosha kuingia nayo? La kwanza ni rahisi: bandueni hilo bango leo. Mengine yanataka maelezo.

Klorini kavu haina ugomvi na chuma cha kawaida, ndiyo maana inakaa kwenye mtungi wa chuma muda mrefu bila kuula. Ikishakutana na maji mambo yanageuka: inazaa asidi ya haidrokloriki na asidi ya haipoklorasi, na hizo zinatafuna chuma cha mtungi na shaba ya vali kwa pamoja. Ukimwagia maji penye tundu la ncha ya sindano, unalipanua. Hata usipomwagia, unyevu wa hewani unafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kasi tu. Kwa hiyo mvujo wa klorini haubaki ulivyoukuta, unakua. Harufu hafifu ya asubuhi ambayo mtu anaiahirisha hadi zamu ya jioni, jioni haitakuwa hafifu.

Kuna na suala la joto. Ndani ya mtungi klorini ni kimiminika, na kimiminika hicho kinachemka kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri. Maji ya bomba ya nyuzi 20 kwake ni kama makaa chini ya sufuria. Unayemwagia maji unadhani unapoza, kumbe unachochea.

Nadhani bango lenu lilinakiliwa kutoka kwenye maelekezo ya amonia. Amonia inayeyuka sana kwenye maji, hivyo pazia la maji upande upepo unakoelekea linaikamata vizuri. Klorini inayeyuka kidogo tu. Kwenye mtungi wa klorini maji yana nafasi moja: moto unawaka jirani, mtungi hauvuji, na haiwezekani kuuhamisha. Hapo poza mtungi kwa mbali, kwa sababu kizibo cha usalama (kipande cha metali kinachoachia gesi mtungi ukipata joto kupita kiasi) kinayeyuka kati ya nyuzi 70 na 74, na kikishayeyuka hakuna vali ya kufunga.

Kabla ya kugusa spana, fahamu ukubwa wa unachokabiliana nacho. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya moja kwa moja kwa uhai ni sehemu 10 kwa milioni ya hewa. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, urefu wa dari mita 3. Hizo ni mita za ujazo 60, na kukifikisha kwenye kiwango hicho inatakiwa lita 0.6 tu ya gesi, yaani gramu 1.7 hivi za klorini. Kimiminika cha uzito huo hakijazi hata nusu kijiko cha chai. Mtungi wenu una kilo 68. Ndiyo maana neno "mvujo mdogo" silipendi.

Sasa barakoa ya kichujio. Inafaa kutorokea, na inafaa kwa kazi ambayo kipimo kimeshaonyesha kiwango kiko chini ya hiyo 10. Chumba ambacho hujakipima, au ambacho king'ora chake kimelia, hakiingiwi na kichujio. Kichujio kina kikomo cha gesi kinachoweza kubeba, kikijaa kinapitisha, na hakitengenezi oksijeni. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa mgongoni na barakoa ya uso mzima, na pakiwa na kimiminika kinachomwagika, suti nzima isiyopitisha gesi. Wanaingia wawili, na wawili wengine wanasubiri nje wakiwa wamevaa vilevile, tayari kuwavuta. Kama hamna watu wanne wenye vifaa, kazi yenu ni kuondoa watu, kuzuia njia na kuita kikosi chenye vifaa. Hakuna aibu hapo. Na usihesabu dakika zilizoandikwa kwenye mtungi wa hewa. Mtu anayefanya kazi ngumu ndani ya suti anaumaliza mapema kuliko maandishi.

Njia ya kutokea na kuingilia ni upande upepo unakotoka, na juu, si bondeni. Gesi hii ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa kwenye mitaro, mashimo ya pampu na vyumba vya chini. Mtu akianguka, pua yake inakuwa pale gesi ilipo nzito zaidi. Usiku ongeza umbali wa kuhamisha watu, maana hewa ikitulia wingu halitawanyiki.

Kuhusu feni, watu wengi huiwasha bila kufikiri. Iwashe kama inapeleka gesi kwenye mtambo wa kuisafisha, au kama kuna mtu ndani wa kuokolewa. Kama inatoa moja kwa moja nje na chini ya upepo kuna makazi, chumba kilichofungwa kinazuia gesi vizuri kuliko utakavyofanya wewe. Swichi iwe nje ya mlango, mdomo wa feni uwe karibu na sakafu, na sensa iwe kama sentimita 30 kutoka chini. Sensa iliyopigiliwa karibu na dari ni pambo.

Kutafuta penye mvujo kunafanywa kwa mvuke wa amonia. Chukua chupa ya plastiki laini yenye amonia kali ya maji, isijae, kisha ibinye taratibu karibu na kila kiungo ili utoke mvuke peke yake. Penye klorini panafuka moshi mweupe. Wengi wanakosea kwa kurusha maji yenyewe ya amonia kwenye vali. Yanakula shaba, na sasa una matatizo mawili. Kosa jingine ni kufanya kipimo hiki wakati chumba kimeshajaa gesi: hewa yote inageuka nyeupe na huoni lolote.

Ukishapaona, swali la kwanza ni hili: kinachotoka ni gesi au kimiminika? Tundu lilelile likitoa kimiminika linapoteza klorini takriban mara 15 kuliko likitoa gesi. Mtungi uliolala unatoa kimiminika kwenye vali, hivyo usimamishe. Pipa la tani moja, lile linalolazwa ubavu, lizungushe hadi tundu liwe juu. Kugeuza mtungi peke yake mara nyingi kunapunguza hatari kuliko kufunga chochote. Vali mbili za pipa zikipangwa wima, ya juu inatoa gesi na ya chini kimiminika, hivyo usiguse ya chini kabla hujajua unafanya nini. Dalili ya macho ni barafu: sehemu iliyoganda nje ya mtungi inakuonyesha kimiminika kinachemka wapi, na mpaka wake wa juu kwa kawaida ni usawa wa kimiminika kilichobaki.

Haya ndiyo utakayokutana nayo kwenye vali, na tuanze na la kawaida kabisa.

Moshi ukitokea kwenye shina la vali, pale spana inapokamata, kaza nati ya pakingi (ile inayobana kizibio kinachozunguka shina) kidogo kidogo kufuata saa, huku ukipima kwa amonia. Mara nyingi robo ya mzunguko inatosha. Isipotosha, funga vali kabisa. Mvujo huo huwa unakatika kwa sababu pakingi iko juu ya kiti cha vali, pale vali inapofungia gesi.

Ukitokea kwenye kiungo cha vali na yoki ya kifaa (kibano kinachokishika kifaa kwenye vali), funga vali, acha kifaa kinyonye gesi iliyobaki kwenye laini, yaani bomba la gesi, fungua yoki na badilisha washa ya risasi, ile pete bapa ya metali laini inayoziba kiungo. Ibadilishe kila unapofunga mtungi, hata kama ya zamani inang'aa. Risasi ni laini. Ilipobanwa mara ya kwanza ilijichora alama za uso ule wa vali, na ukiirudisha alama hazikutani tena. Itazame karibu utaona duara lililozama na kingo zilizofutuka. Anayeitumia mara ya pili huishia kukaza yoki kwa nguvu mpaka inapinda, halafu analaumu vali.

Vali ikigoma kufunga, ifungue na kuifunga mara chache kwa upole. Mara nyingine ni chembe iliyokaa kwenye kiti. Tumia spana yake ya urefu usiozidi milimita 200. Ukiongeza bomba kwenye spana, shina linakatika, na hapo ulichokuwa nacho kama mvujo kinakuwa mtungi usiofungika. Vali inafunguliwa mzunguko mmoja tu, basi. Kuzidisha hakuongezi gesi.

Mvujo ukiwa pale vali ilipoingia kwenye shingo ya mtungi, au kwenye kizibo cha usalama, usijaribu kukaza vali ndani ya mtungi ikiwa na shinikizo. Hapo kunahitajika kofia ya dharura inayofunika vali nzima na kubanwa juu ya gasketi. Masanduku ya kazi hii yametengenezwa kwa ukubwa wa chombo: A kwa mitungi ya kilo 45 na 68, B kwa mapipa ya tani, C kwa mabehewa ya tangi. La A halitavaa pipa, na hili linagunduliwa siku mbaya.

Tundu kwenye ubavu wa mtungi linazibwa kwa kiraka na mnyororo wa sanduku hilohilo. Kupigilia kigingi cha mbao kwenye tundu lililotokana na kutu ni hatari, kwa sababu chuma kinacholizunguka nacho kimekonda na nyundo inaweza kulifanya kubwa zaidi. Usichomelee pia: chuma chenyewe kinawaka ndani ya klorini kikifika takriban nyuzi 250.

Kama umeshindwa kuziba, endelea kuitumia klorini kwenye mtambo wa kutibu maji ikiwezekana. Kila kilo inayokwenda kwenye maji haitoki kwenye tundu, na kimiminika kikiendelea kuchemka kinajipoza na shinikizo linashuka. Mtungi wa kilo 68 unatoa takriban kilo 18 kwa siku katika joto la kawaida, hivyo usitarajie miujiza.

Njia nyingine ni kuipeleka gesi kwa bomba ndani ya tangi la soda kaustiki. Kwa kilo 45 za klorini andaa kilo 57 za soda kaustiki katika lita 150 za maji. Kwa kilo 68, kilo 85 katika lita 227. Hesabu ya kemia inadai chini kidogo, takriban kilo 1.13 kwa kila kilo ya klorini, ila ziada hiyo ndiyo inayozuia gesi isirudi juu mwishoni. Mchanganyiko unapata joto sana, hivyo peleka taratibu, na mdomo wa bomba uzame vizuri na kuwekewa uzito. Mtungi wenyewe usitumbukizwe, si kwenye tangi wala mtoni: unaweza kuelea, na unavuja kwa kasi zaidi kadiri maji yanavyokula tundu.

Aliyepatwa na gesi mtoe kwenye hewa safi, umvue nguo, umwoshe kwa maji mengi, macho yasafishwe kwa dakika 15 au zaidi. Usimtembeze wala kumkimbiza, mpumzishe akiwa ameegemea. Anayejisikia nafuu baada ya nusu saa naye aende hospitali, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili. Maziwa hayasaidii chochote.

Laini iliyobaki wazi baada ya tukio isirudishwe kazini kabla ya kukaushwa kwa hewa kavu au naitrojeni. Tone moja la maji lililofichwa kwenye kona linaanza kula bomba kuanzia ndani. Na kabla ya kurudisha sanduku la A kabatini, fungua uhesabu gasketi na washa zake za risasi. Katika mazoezi watu huzitumia na kuzirudisha zimeshabanwa.