Kuishi peke yako wakati wa karantini: je, upweke ni dalili ya udhaifu wa imani?

SWALI (liliulizwa wakati misikiti ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya korona)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mzee wa miaka 67. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na watoto wangu wawili wanaishi mbali. Tangu itangazwe amri ya kutotoka nje kwa sababu ya korona nimebaki ndani peke yangu, na daktari amenisisitiza nisikutane na watu kwa kuwa nina kisukari. Maisha yangu yalikuwa msikitini. Swala zote tano nilikuwa safu ya kwanza, na wale niliokuwa nikiswali nao ndio waliokuwa wakinijulia hali. Sasa msikiti umefungwa. Ninaswali nyumbani, lakini nikitoa salamu kulia naona ukuta, nikitoa kushoto naona kabati. Nilipomweleza rafiki yangu kwa simu, alinijibu kwamba muumini wa kweli hahisi upweke, kwa sababu Mwenyezi Mungu yuko pamoja naye. Neno hilo limenikaa rohoni. Watoto wakipiga simu nawaambia sijambo, maana sitaki kuwatia wasiwasi. Kuna usiku nimelala nikiomba nisiamke. Je, imani yangu imedhoofika? Na je, Ijumaa naweza kumfuata imamu kwa redio ili nipate japo sauti ya Swala ya jamaa?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Mzee wangu, nakuita hivyo kwa kuwa umri wako ni wa baba yangu, na nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kuandika. Nitaanza na lile uliloligusa kwa haraka karibu na mwisho, kwamba kuna usiku umelala ukiomba usiamke. Hilo halingoji. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya swahaba Anas waliyoipokea wanazuoni wa hadithi Bukhari na Muslim, alikataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata, kisha hakumwacha mwenye dhiki bila neno la kusema. Alimfundisha, ikiwa hana budi, aombe: Ewe Mwenyezi Mungu, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe itakapokuwa kufa ni kheri kwangu. Basi ifanye hiyo ndiyo dua yako ya kulalia badala ya ile nyingine. Pamoja na hiyo, mpigie daktari wako leo hii umweleze habari za usiku huo kwa maneno yale yale uliyoniandikia, na mawazo hayo yakikujia tena usibaki nayo peke yako hadi asubuhi. Mpigie mtu saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni maradhi kama kisukari ni maradhi, na Mtume aliposema tujitibu hakutenga ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa nafsi. Wala usijione umetenda jambo ambalo mja mwema hajawahi kulitamka. Bibi Maryam, aliyetakaswa na Mola wake, uchungu ulipomfikisha peke yake kwenye shina la mtende, alisema: laiti ningelikufa kabla ya haya, nikawa niliyesahauliwa kabisa (Qur'ani 19:23). Hakukemewa. Alinadiwa kwamba asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa alitikise lile shina, ale, anywe, na jicho lake litulie.

Sasa neno la rafiki yako. Naamini alikusudia kukufariji, lakini alilolisema si sahihi, na ningependa ulitoe rohoni mwako kabisa. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu yuko pamoja na waja wake, na ni kweli kwamba moyo uliokosa kumkumbuka Yeye hautulii hata ukizungukwa na watu elfu. Lakini ni nani aliyekuwa karibu na Mola wake kuliko Nabii Adam, aliyeumbwa kwa mkono Wake? Naye aliumbiwa mwenzi, na Qur'ani ikaeleza sababu yake: ili apate utulivu kwake (7:189). Haja ya kuwa na mwenzi tumeumbwa nayo, kama tulivyoumbwa na haja ya maji, na hakuna mtu anayemwambia mwenye kiu kwamba angekuwa na imani asingeona kiu. Wewe ulikuwa na mke akafariki, ukawa na safu ya watu mabega yenu yakigusana mara tano kwa siku, safu nayo ikaondoka. Ungekuwa huhisi kitu, hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi nawe.

Wapo watakaokukumbusha kwamba Mtume mwenyewe alipendezewa kujitenga katika pango la Hira. Waambie waisome hadithi ya Bibi Aisha hadi mwisho. Alikwenda kwa hiari, akiwa na chakula chake, kikiisha anarudi kwa Bibi Khadija kuchukua kingine. Na siku Wahyi, yaani ufunuo wa Mwenyezi Mungu, ulipomshukia, alirejea nyumbani moyo ukimtetemeka, akisema: nifunikeni, nifunikeni. Walimfunika mpaka hofu ikamwondoka, kisha akamsimulia Khadija kila kitu, naye akamfariji kwa maneno ambayo Waislamu wanayahifadhi hadi leo. Alikuwa na mtu wa kumrudia. Kujitenga kwa mwenye pa kurudi na kufungiwa kwa asiye na mtu ni mambo mawili tofauti kabisa, na hilo la pili sheria yetu haijapata kulisifu kwa ajili yake lenyewe. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alisema lau watu wangelijua yaliyomo katika upweke kama anavyoyajua yeye, asingesafiri mpandaji yeyote peke yake usiku.

Linalokupa ujira, mzee wangu, ni subira na nia yako ndani ya upweke huo. Bibi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu tauni, naye akamweleza kwamba Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa rehema kwa waumini, na kwamba yeyote itakayemkuta akabaki mahali pake, akasubiri, akitaraji malipo na akijua kwamba hatapatwa ila na alilomwandikia Mwenyezi Mungu, atapata mfano wa ujira wa shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari, na katika upokezi wa Imamu Ahmad limekuja neno "nyumbani kwake". Nyumbani kwake! Kila ninapolisoma neno hilo nawawazia watu kama wewe. Unaposhika kitasa cha mlango ukakumbuka afya yako na afya za watu wengine, ukakiachia na kurudi kuketi, hiyo ni ibada, ukiinuia iwe ibada.

Kuhusu Swala yako. Umesema unatoa salamu kwa ukuta na kabati. Niruhusu nikupeleke nyuma kidogo, kabla ya salamu, ulipokuwa katika tahiyatu. Unasema: Assalaamu alaynaa wa alaa ibaadillaahis saalihiin, amani iwe juu yetu na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu. Ibn Mas'ud amesimulia kwamba Mtume alipowafundisha maneno hayo aliwaambia kuwa mtu akiyasema, humfikia kila mja mwema mbinguni na ardhini. Kwa hiyo kabla hujaugeuza uso kuuelekea ukuta, salamu yako imekwisha wafikia wale wa safu ya kwanza, kila mmoja nyumbani kwake, nao za kwao zimekufikia wewe, mara tano kwa siku kwa uchache. Imemfikia na mkeo, tukimtarajia kuwa miongoni mwa waja wema. Na unapogeuka kulia na kushoto, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema anayeswali peke yake anuie kuwasalimia malaika walio upande huo na Waislamu miongoni mwa watu na majini. Nuia hivyo kuanzia Swala ijayo. Kabati litabaki pale pale, lakini utajua unamsalimia nani. Angalia pia Suratul Faatiha: hakuna anayesema "Wewe tu nakuabudu", hata akiwa peke yake jangwani. Sote twasema tunakuabudu, tunakuomba msaada, tuongoze.

Tena usiache adhana. Wengi hudhani adhana ni ya msikitini tu, ilhali ni Sunna kwa mwanamume anayeswali peke yake. Uqba bin Amir amepokea, na hadithi iko kwa Abu Dawud na Nasai, kwamba Mola hupendezwa na mchungaji aliye juu ya kilele cha mlima, anayeadhini na kuswali, naye Mola husema: mtazameni mja wangu huyu, anaadhini na kukimu Swala, ananiogopa, nimemsamehe na nimemuingiza Peponi. Simama katikati ya chumba chako uadhini, kwa kiasi kisichomsumbua jirani. Nyumba iliyonyamaza tangu asubuhi itasikia sauti ya mtu, na sauti hiyo itakuwa yako, ikimtaja Mola wako.

Kuna kisa kimoja ambacho nadhani kinakuhusu kuliko vyote, nacho ni cha Ka'b bin Malik na wenzake wawili waliobaki nyuma katika safari ya vita ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mtume aliwaamuru watu wasiseme nao, na hali hiyo ikaendelea kwa siku 50. Yao ilikuwa adhabu ya kosa. Yako si adhabu, na simletei mtu mwema kisa hiki ili ajihesabu kuwa mkosa. Ninachotaka ukione ni jinsi Ka'b alivyousimulia upweke ule. Anasema alikuwa akiingia msikitini akimsalimia Mtume, kisha anajiuliza moyoni kama midomo yake ilitikisika kumjibu au la. Dhiki ilipozidi, alipanda ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake aliyempenda kuliko watu wote, akamsalimia, naye hakuitika. Macho ya Ka'b yakabubujika machozi, akageuka akaushuka ukuta. Hao walikuwa maswahaba, na Qur'ani yenyewe ikasema kwamba ardhi iliwawia finyu pamoja na upana wake na nafsi zao zikawadhikia (9:118). Aya haikuwaaibisha kwa dhiki hiyo.

Sasa mtazame mwenzake, Hilal bin Umayya, aliyekuwa mzee. Ilipotimia siku ya 40, wote watatu waliamriwa wajitenge na wake zao. Mke wa Hilal alimwendea Mtume akamwambia kwamba mumewe ni mzee asiye na mtumishi, akaomba ruhusa aendelee kumhudumia. Naye akamruhusu, kwa sharti asimkaribie kitandani. Hebu tulitafakari hilo sote, wewe, watoto wako, majirani na uongozi wa msikiti wako. Katika utengano ulioamriwa na Mtume mwenyewe, mzee hakuachwa bila mtu wa kumwangalia. Sisi tunaojitenga kwa ajili ya maradhi tu tuna udhuru gani wa kupitisha wiki nzima bila kumpigia simu mzee wa safu ya kwanza, au kusimama mbali na mlango wake tukamwita kwa jina? Nawaambia wanaosoma jibu hili: chukueni orodha ya mnaowakosa tangu misikiti ilipofungwa, muwapigie mmoja mmoja, na msingoje waseme wana shida.

Ama Ijumaa, wanazuoni walio wengi hawaruhusu kumfuata imamu kwa redio, televisheni wala simu, kwa kuwa jamaa ni kukutana mahali pamoja, na wewe na imamu hamjakutana. Utaswali Adhuhuri rakaa nne. Hotuba unaweza kuisikiliza kwa ajili ya mawaidha, kisha usimame uswali Swala yako mwenyewe. Wala onyo la kuacha Ijumaa tatu lisikutishe, maana hadithi imemtaja anayeziacha kwa kupuuza. Na thawabu za jamaa usizihesabu kuwa zimepotea: katika hadithi ya Abu Musa kwa Bukhari, mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Watu wa Tabuk nao waliambiwa kwamba Madina wapo waliobaki ambao hakuna bonde walilolivuka isipokuwa walikuwa pamoja nao; udhuru ndio uliowazuia.

Limebaki la watoto. Nabii Yaqub alisema kwamba masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu (12:86), lakini hakuwaficha wanawe. Walimwona akilia, wakamjua kwamba analia, macho yake yakawa meupe mbele yao. Unapowaambia kila siku kwamba hujambo, unawanyima haki yao ya kukutendea wema, na wema kwa wazazi ni faradhi juu yao ambayo hawawezi kuitekeleza wasipoijua hali yako. Wapigie leo baada ya Isha, wawili wote. Wasomee ulichoniandikia kuanzia ile habari ya ukuta na kabati, na kile cha usiku usikiruke. Kisha kubalianeni saa ya kuzungumza kila siku, saa ile hasa ambayo nyumba inakuelemea zaidi.

Namuomba Mwenyezi Mungu akuafu, amrehemu mkeo, na akurejeshe kwenye safu yako. Naye ndiye ajuaye zaidi.