Maswali na majibu: Ukishasema "nataka ya mkononi" umeshaliwa

Mbukwenyi. Meseji zenu safari hii karibu zote ni za kuuza nyumba, naona tangu treni ya umeme ianze kufika huku Dodoma 2024 kila mwenye vyumba vitatu Nkuhungu anajiona anauza hoteli. Nimechagua chache. Zilizojirudia nimezitupa, mnisamehe.

SWALI: Dalali wa nyumba hapa Dodoma anachukua asilimia ngapi? (Chang'ombe)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Hakuna sheria iliyopanga, wanaomba 5 mpaka 10, mnapatana. Ulitakiwa kuuliza asilimia ya nini, ya bei uliyotangaza au ya hela iliyoingia? Andika ya hela iliyoingia. Nimeona mtu katangaza milioni 120 kauza 98 afu dalali anadai komisheni ya 120, na karatasi ilikuwa inasema hivyo hivyo, kasaini mwenyewe bila kusoma.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba yangu ya Kisasa nilimwambia dalali nataka milioni 85 mkononi, yani zinazobaki kwangu mimi, akasema sawa mama, ya kwangu ntajua mwenyewe. Juzi nimekutana na mnunuzi kanisani ananiambia yeye alitoa 97. Naweza kumdai dalali?

Shikamoo mwalimu, na pole, ila jibu halitakufurahisha. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma, na mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Tatizo ni kwamba mdomo wako ndo uliomwambia ya juu ajue mwenyewe. Kama una meseji inayoonyesha alikudanganya, mfano alikwambia mteja kagoma kabisa kupita 85, nenda kwa mwanasheria umwonyeshe. Kama huna, hiyo kesi itakula na hizo 85.

Sasa twende kwenye hesabu maana wewe umefundisha. Alichukua milioni 12. Ungempa asilimia 5 ya 97 angepata milioni 4 na laki 8 na nusu, wewe ukabaki na 92 na kitu. Hata ungempa asilimia 10, ile mnayoiitaga ya wizi, angechukua milioni 9 na laki 7 wewe ukaondoka na 87 na laki 3. Yani umekwepa komisheni ya "wizi" ukalipa kubwa kuliko hiyo bila kujua.

Mimi mwenyewe nimefanya hiyo kazi, nimekula cha juu, yani ile hela inayozidi bei ya mwenye nyumba, tena sana, miaka ile watumishi ndo wameanza kuhamia huku baada ya tamko la 2016 la serikali kuhamia Dodoma, na nawaambia hakuna neno tamu kwenye sikio la dalali kama "nataka ya mkononi". Na hela sio hasara pekee. Mteja akija na 87 dalali wa cha juu anamfukuza, kwake hapo kuna milioni 2 tu na anawaza 10, wakati wewe 87 ungeipokea kwa mikono miwili. Nyumba inakaa. Afu ana mwenzake, na mwenzake ana mwenzake, kila mmoja anapachika yake, ile nyumba ya 85 inazunguka magrupu ya wasap huku inauzwa 95, kule 110, mnunuzi akiziona zote mbili anasema hii ina mgogoro anapita.

Mzee wa Kigogo akipeleka ng'ombe mnadani Msalato hakai kwenye kivuli mbali asubiri kuletewa hela. Anasimama pale pale kashika kamba, dalali anaongea na yeye anasikia. Nyumba mnaiachia kamba kwa nini? Mwambie dalali bei ninayouzia hii, bei ya mwisho hii, asilimia yako hii, na mnunuzi nakaa naye meza moja, hela inaingia akaunti yangu, yako natoa mimi. Akikataa hapo basi alikuwa anataka cha juu, mshukuru kwa muda wake.

SWALI: Dalali mwenye ofisi anataka nimpe nyumba ya Ilazo peke yake mwaka mzima, nisimpe mwingine. Nikubali?

Kumpa peke yake sio vibaya, mi naona ni bora kuliko kuwapa kumi na wawili wanaogombana getini kwako. Mwaka ndo hapana. Miezi mitatu, ikiisha mkae tena. Na akitaka upekee naye atoe kitu, aandike atafanya nini, picha nzuri za mchana sio zile za simu na kandambili mlangoni, bango, na kila wiki akwambie kaleta watu wangapi na walisema nini. Asipofanya unaweza kuvunja kwa taarifa ya wiki mbili. Kingine ambacho wengi wanakisahau ni mkia, yani mkataba umeisha, mwezi unaofuata anakuja mtu ananunua, dalali anatokea anasema huyo ni wangu. Andikeni kwamba anadai kwa wale tu aliokupa majina yao kwa maandishi kabla muda haujaisha, na hata hao kwa miezi miwili mitatu, sio milele.

SWALI: Nimemuuzia shemeji yangu, nimeongea naye mwenyewe, dalali kaja juu anataka chake. Ni haki?

Mliandikiana nini? Kama ulimpa peke yake na hukuandika kwamba ndugu hawahesabiwi, ana hoja. Kama hamkuandikiana na hakumleta shemeji yako, hana kitu, mpe hela ya mafuta muachane kwa amani. Wengine wote, kabla ya kusaini andika majina ya watu ambao tayari walishaulizia nyumba, ndugu, jirani, mpangaji. Mpangaji hasa, nyie mnamsahau wakati ndo mnunuzi wa kwanza.

SWALI: Mnunuzi atalipa kwa awamu tatu. Dalali anataka komisheni yote awamu ya kwanza.

Hapana. Nawe unalipwa vipande, naye alipwe vipande, kila awamu asilimia yake. Ukimmalizia mwanzo siku mnunuzi anazima simu utakuwa unamtafuta peke yako.

SWALI: Dalali anashauri kwenye mkataba wa mauzo tuandike milioni 40 badala ya 90 ili TRA wasitukamue.

Kodi ya ongezeko la mtaji, kama una kumbukumbu za gharama zako, ni asilimia 10 ya faida uliyopata, sio ya bei yote, hilo wengi hamlijui mnakimbia kivuli. Na mthamini ataiangalia hiyo nyumba, haangalii kiandiko chenu tu. Sasa chukulia mnunuzi kalipa 40 akasema nimemaliza, utamwonyesha hakimu nini? Karatasi yako mwenyewe inasema 40. Dalali anayekushauri hivyo hata komisheni ya asilimia 2 usimpe.

SWALI: Mke wangu yuko Singida kwao, dalali anasema tumalize kwanza ndo nimwambie.

Nyumba ya familia huiuzi bila ridhaa ya mwenza wako, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mpigie mkeo leo. Na huyo dalali badilisha, aliyekufundisha kumzunguka mkeo atakuzunguka na wewe.

SWALI: Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ndo agonge muhuri.

Hiyo asilimia haipo kwenye sheria yoyote. Mwambie akupe risiti ya serikali uone atakavyobadilisha mada.

SWALI: Dalali anaomba akae na hati halisi ili wateja wamwamini. (Wameuliza wanne!)

Wanne! Kopi. Halisi inakaa kwako au benki, mnunuzi mwenye nia ataenda kuifanyia upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba tu. Na wenye makaratasi ya zamani ya CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja huku, ilivunjwa 2017, nenda Halmashauri ya Jiji ukanyooshe mambo yako na madeni ya pango la ardhi uyamalize kabla hujamwita dalali yeyote, maana akijua karatasi zako zina shida ndo anakupangia bei yeye.