Usizilaze hizo IPA mpaka mwakani, mimi yalinikuta

Mkuu, zishushe hizo chupa za bia kutoka juu ya kabati la jikoni kwanza, halafu ndipo uendelee kusoma.

Umeandika una chupa 24: IPA nane (zile bia zilizojaa hopu, maua yanayoipa bia uchungu na harufu), bia nyeupe za ngano sita, saison nne za chupa ya kijani (bia kavu ya mashambani ya Ubelgiji), Westmalle Tripel nne na Rochefort 10 mbili, hizi mbili za mwisho zikiwa bia kali za monasteri za Ubelgiji. Unataka kuzilaza zote mpaka kumbukumbu ya ndoa yenu mwishoni mwa mwaka ujao "ili zikomae". Umeuliza glasi ipi iende na bia ipi, mezani ianze ipi, na bia ya Kitrapisti, ya watawa wenyewe, inatofautiana vipi na ile inayoitwa tu ya abasia. Hayo yatasubiri. Mimi nilipofika kwenye hilo neno "zikomae" niliacha nilichokuwa nafanya.

Ukifanya hivyo, chupa 18 kati ya 24 umezitupa. Najua kwa sababu mimi nilitupa zaidi ya hizo.

Nilikuwa na chupa 40. Sikuzinunua kwa mkupuo. Zilikuwa mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao, karibu mwaka mzima wa kujinyima. Nilikuwa namsubiri kaka yangu arudi kutoka masomoni, maana ndiye aliyenionjesha bia ya Ubelgiji kwa mara ya kwanza, na tuliahidiana kwamba akirudi tutakaa siku nzima tukionja moja baada ya nyingine. Nikazipanga kwenye rafu ya wazi sebuleni, zimelala ubavu kama mvinyo, mkabala na dirisha, ili kila anayeingia azione. Zikakaa hapo miaka miwili.

Siku ikafika. Tukaanza na IPA, ya kileo asilimia 8, ambayo nilipoinunua ilikuwa ikinukia ganda la balungi na embe lililoiva. Ilipomiminwa, ile rangi ya dhahabu ilikuwa imekuwa kama ya chai ya rangi. Kaka akanusa, akanyamaza, akanipa glasi. Harufu ilikuwa ya boksi lililolowa mvua. Ulimini utamu mzito kama asali iliyochemshwa, kisha uchungu mtupu uliokwama kooni, na lile embe halipo kabisa. Tukasema labda hii moja ni mbovu. Tukafungua ya pili, na ya tatu. Ya nne tuliimwaga bila kuonja.

Saison ndizo zilizonimaliza. Nilifungua moja, na mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili kama kuna kicheche kimeingia ndani. Na kweli ni harufu ile ile ya kicheche, sijaongeza chumvi. Zote tano zilikuwa hivyo. Bia za ngano hazikunuka vibaya, ila zilikuwa zimekufa: ile giligilani na ganda la chungwa vilikuwa vimeondoka, limebaki maji ya nafaka. Kaka yangu ni mstaarabu, alisema tumefurahi kuonana na hilo ndilo la muhimu. Mimi nilikaa jikoni usiku ule naosha chupa moja moja, na nilipozigeuza nikaona tarehe zilizopigwa muhuri chini. Hasira ikaanza upya.

IPA zile zilijazwa chupani miezi saba kabla sijazinunua! Yaani tayari zilikuwa zinazeeka dukani. Na aliyeniuzia nilimuuliza kwa maneno yanayoeleweka: hizi zote zinafaa kukaa? Akanijibu, "Mvumilivu hula mbivu." Mtu ameulizwa kuhusu mzigo anaouuza, anajibu kwa methali. Methali ya pili, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, hakuikumbuka, kwa sababu alikuwa na stoo ya kumaliza. Bado nikienda popote nikimsikia muuzaji anasema "bia ni kama mvinyo" natoka. Halafu kuna mmoja nilimwangalia kwenye video akifundisha kwamba bia yoyote ya asilimia 8 kwenda juu hukomaa vizuri. Huyo alinipoteza kuliko muuzaji, maana alisema nusu ya ukweli, na IPA yangu ilikuwa na hizo asilimia 8 kamili.

Kinachotokea ndani ya chupa nilikuja kukielewa baadaye. Harufu ya hopu inatokana na mafuta mepesi sana, na hayo ndiyo yanayoondoka kwanza. Mengine yanavunjika, mengine yanafyonzwa na mpira ulio ndani ya kifuniko. Wakati huohuo ile oksijeni kidogo iliyobaki wakati wa kujaza chupa inafanya kazi yake polepole, na matokeo yake ndiyo hiyo harufu ya boksi. Joto linaharakisha yote. Joto likipanda kwa nyuzi 10 tu, kuchakaa huko huenda kasi mara mbili hadi tatu. Sasa juu ya kabati la jikoni, mvuke wa sufuria unapopanda, unafikiri kuna nyuzi ngapi?

Kicheche ni habari ya mwanga. Ndani ya bia kuna riboflavini, ile vitamini B2, inayotoka kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Ikipigwa na mwanga inavunja viungo vichungu vya hopu, na kinachozaliwa ni kampaundi ya salfa ambayo pua ya binadamu inainusa hata ikiwa kidogo mno. Juani kazi hiyo huchukua dakika, haihitaji miezi. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na ile nyeupe zinazuia kidogo sana. Kwa hiyo saison zako nne zitoe kwenye mwanga leo, hata kama umechoka.

Sasa kilichonifungua macho. Kati ya chupa 40, sita sikuwahi kuzitoa kwenye boksi lake, zilibaki stoo chini ya ngazi, gizani, zimesimama, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Nilizisahau. Miongoni mwake kulikuwa na Rochefort 10 mbili, nilizonunua siku moja na nyingine mbili zilizokuwa sebuleni. Wiki moja baada ya ile aibu nikafungua ya rafuni na ya stoo kwa pamoja. Ya rafuni ilinywika, ila ladha ilikuwa imefifia, na nyuma yake kuna kale ka boksi. Ya stoo, mkuu, ilikuwa tende, tini kavu, sukari iliyoungua kidogo, na ule ukali wa kileo niliokuwa naukumbuka ulikuwa umelainika kabisa. Nilimpigia kaka simu saa nne usiku kumweleza. Bia moja, umri mmoja. Kilichotofautiana zaidi ni giza na joto.

Rochefort 10 inaweza kukaa kwa sababu imebeba vya kuisaidia: kileo asilimia 11.3, kimea cheusi ambacho uzee wake una ladha nzuri, na hamira hai ndani ya chupa inayokula sehemu ya oksijeni. Hopu haibebi ladha yake. Hapo ndipo kanuni yangu ilipo, na nakuomba uichukue hata ukiacha mengine yote: kabla ya kuuliza bia inaweza kukaa muda gani, jiulize ladha yake inatoka wapi. Ikitoka kwenye hopu, inywe ikiwa mpya. Kileo kiwe asilimia 6 au 10, inywe ikiwa mpya. Kiwanda cha Stone kule California hutengeneza IPA ambayo jina lake lenyewe ni tarehe ya mwisho ya kuinywa. Wenye hopu zao wanakupigia kelele kwenye lebo, na wewe unataka kuilaza mpaka mwakani?

Najua kuna atakayekuja kunitajia Orval, bia nyingine ya Ubelgiji, wacha nimuwahi. Ndiyo, ina hopu, na kileo ni asilimia 6.2 tu, na watu huihifadhi. Lakini watengenezaji wake huweka hamira ya pori iitwayo Brettanomyces wakati wa kujaza chupa, na hiyo inaendelea kufanya kazi miezi na miezi. Ikiwa mpya unanusa hopu. Ikikaa, hopu inarudi nyuma na unakuja ukavu na harufu kama ya ngozi. Ni bia mbili ndani ya chupa moja. IPA zako hazina kitu hicho.

Na gueuze ya lambic, ile bia chachu ya Ubelgiji, ni dunia nyingine kabisa. Hiyo wanaichanganya kutoka kwenye mapipa ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, na hopu wanazotumia huachwa zizeeke makusudi ili zilinde bia bila kuipa harufu. Uchachu wenyewe unaitunza. Cantillon ya Brussels wanaieleza gueuze yao kuwa ya kukaa hata miaka 20, na hao chupa zao zenye kizibo cha gome la mti wanazilaza kweli. Pengine huko ndiko muuzaji wangu alikookota habari yake akaipaka kwenye kila kitu. Wewe zako zenye kifuniko cha bati zisimamishe, machicha ya hamira yatulie chini.

Turudi kwenye mzigo wako. IPA nane: zote jokofuni leo, na zinywe mwezi huu. Kumbukumbu ya ndoa mtanunua nyingine wiki ile ile. Bia za ngano: hivyo hivyo, mkiziacha sana iwe miezi miwili. Saison: jokofuni, gizani, zinywe karibuni, na moja ifungue leo kabisa ujue kama mwanga umeshaifikia. Tripel ya Westmalle ina asilimia 9.5 na itavumilia, lakini ni bia ya rangi ya dhahabu yenye hopu za kutosha, na mimi naipenda ikiwa na ule uchangamfu wake. Kunyweni mbili sasa, mbili zisubiri kwa ajili ya kulinganisha. Rochefort ndizo za kutunza. Zifunge ndani ya boksi, zikae pale penye ubaridi usiobadilika. Nyuzi 10 hadi 13 ndizo nzuri, ukikosa basi ndani ya jokofu, kule nyuma kabisa. Andika tarehe juu ya boksi.

Ulidokeza pia kwamba utaongeza bia za Krismasi. Hapo usisome picha ya theluji kwenye lebo, soma kilichomo. Chimay ya bluu, nayo ya Kitrapisti, ilianza kama bia ya Krismasi, na kwa asilimia zake 9 na kimea chake cheusi inakaa vizuri, hata mwaka wake huandikwa kwenye lebo. Stille Nacht, bia ya Krismasi ya kiwanda cha De Dolle cha Ubelgiji, asilimia 12, ndiyo kabisa. Lakini zile za msimu zinazotegemea viungo, mdalasini na tangawizi, au zile za maboga, harufu ikishaondoka hairudi. Za namna hiyo zinywe msimu wake ukingalipo. Na zile za msimu zilizojaa hopu, nimeshasema, na nitasema tena: mpya.

Sijui maduka ya kwenu yanauza vipi, ila usinunue chupa kabla ya kuigeuza. Ukikuta tarehe ya kujazwa na ni IPA ya miezi mitano, irudishe rafuni hata muuzaji akikununia. Ukikuta tarehe ya mwisho pekee, uliza wanahesabu miezi mingapi tangu kujazwa.

Zigeuze hizo nane sasa hivi uniandikie hapa zimepigwa tarehe gani.