Jibu: Kumtuliza mkulima aliyepandwa na hasira

Ndugu, umeuliza uwafundishe vipi makarani wa AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) huko Tandahimba, Mtwara, kumkabili mkulima anayefoka kwa sababu hela ya korosho haijaingia. Nadharia peke yake haisaidii, waigize: mmoja awe mkulima anayegonga meza, mwingine karani. Karani asimame upande kidogo, hatua mbili nyuma, mikono ionekane, na mlango usizibwe. Sauti ishuke. “Tulia” wasiseme kabisa, linachochea! Amwache amalize, kisha: “Mzee wangu, mzigo umetoa na hela hujaiona, lazima uumie. Hebu tuangalie stakabadhi yako.” Kumshika mkono hapana. Wala asiahidi tarehe asiyo na uhakika nayo, maana siku hiyo watakuja wengi. Akianza kurusha vitu, wote watoke, mwenyekiti aitwe.