Kama Twaokolewa kwa Imani, Matendo ni ya Nini?

Swali: Ikiwa Walutheri hufundisha kwamba mtu huhesabiwa haki (hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) kwa imani pekee, kuna ulazima gani wa kuwasaidia maskini?

Jibu: Ndugu msomaji, mwaka 1520 Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, aliandika kwamba Mkristo ni bwana huru asiye chini ya yeyote, na papo hapo ni mtumishi wa wote. Kwa ufupi, mafundisho yake ni kwamba Mungu hahitaji matendo yetu, bali jirani anayahitaji. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, Ujerumani, ulipitisha kanuni za sanduku la pamoja la kuwatunza wahitaji, ambazo Luther aliziandikia dibaji. Sanduku hilo lilikuwa na kufuli nne, na funguo ziligawanywa kati ya makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima, ili mmoja asilifungue peke yake, maana, kama Walutheri wafundishavyo (nami nakubaliana nao), hata aliyehesabiwa haki bado ni mwenye dhambi.