Jibu: Je, kuna mtambo wa kale wa kurusha redio kwa mawimbi marefu unaofanya kazi hadi leo?

Mkuu, umeuliza kama umebaki mtambo wowote wa kale wa mawimbi marefu ambao bado unawaka. Upo: Grimeton, karibu na mji wa Varberg, Sweden. Mfalme Gustaf V aliuzindua mwaka 1925, na kazi yake ilikuwa kupeleka telegramu Marekani.

Mawimbi yake hayatoki kwenye transista, kile kifaa kidogo cha elektroniki kinachotumika kwenye redio za kisasa. Yanatoka kwenye jenereta aliyoibuni mhandisi Ernst Alexanderson: gurudumu la chuma linalozungushwa na mota zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na mzunguko huo wenyewe ndio unaozaa masafa ya kilohezi 17.2. Hebu fikiria, chuma kinachozunguka ndicho kinachosema! Antena inashikwa na minara sita ya mita 127. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Kwa maoni yangu, kinachouhifadhi hasa ni kule kuwashwa. Wapenzi wa redio wanaojitolea huuendesha siku maalumu, hasa mkesha wa Krismasi, wakituma Morse (herufi kwa nukta na vistari) kwa SAQ, alama ya utambulisho ya kituo hicho. Kwa hiyo ufundi nao unarithishwa, si jengo tu.

Ukitaka kujaribu kuusikiliza, tafuta waya mrefu na kompyuta yenye kadi ya sauti. Masafa ya mtambo huu ni ya chini kiasi kwamba hata kadi ya sauti inaweza kuyapokea.